Njia Iwe Pana

Miaka mitatu waliniambia karibu,
nami nikabaki karibu:
karibu na mlango, karibu na harufu ya kabichi ya siki,
magurudumu yamezama katika theluji ya uani,
na mbele yangu kizingiti cha mwaloni
alichokichonga babu kwa shoka,
kimo cha goti,
ili usiingie upepo, wala panya, wala mdai.

Huku Maramuresh nyumba zetu ni za magogo,
na mlango umefupishwa makusudi, mgeni ainame.
Mimi nimekwisha ketishwa. Niiname mara ngapi?

Nilikuwa nikibebwa.
Kaka yangu Toader kwapani, jirani miguuni,
kama gunia la viazi;
na gunia, hata likitua salama,
haliulizwi linataka kukaa wapi.

Bwana wa ofisi ya ustawi akaja na kitabu cha picha:
mabomba yanayong'aa, plastiki nyeupe,
chumba cha mtu anayesubiri sindano.
"Dochia," akasema, "uzuri au usalama, chagua."
Nikamwuliza yeye kwake alichagua kipi.
Akatazama jiko letu la udongo,
mabenchi yaliyopata weusi kwa moshi na mikono,
akanywa kahawa yake kimya.

Penye nia pana njia, husema watu.
Sawa. Lakini njia iwe pana.
Sentimita tisini, Toader, nimepima kwa kamba ya aproni,
na viwiko vyangu vimo ndani ya hesabu.

Akanoa msumeno siku ya Alhamisi.
Mama akatoka kulisha mabata,
mabata yaliyokwisha kula.
Mwaloni ulilia muda mrefu,
kisha ukamwaga unga wa rangi ya asali,
ungali na harufu ya msitu,
kana kwamba shoka la babu lilipita jana.

Kipande hakikutupwa. Sasa ni rafu ya chini,
kinabeba vikombe vya bluu
palipo mkono wangu, si palipo desturi.

Nje, njia ya mbao za msonobari inapita chini ya mplamu:
kidole kimoja cha kupanda, vidole kumi na viwili vya kwenda,
imechanjwa mistari barafu isinichezee.
Reli yake ni tawi lililomenywa gome,
mafundo yakaachwa.
Fundo la tatu huniambia: kata kona.

Zulia la shangazi Odosia, jekundu kwa jeusi,
lilikuwa likila magurudumu, au magurudumu yakilila.
Tukalipandisha ukutani.
Shangazi alinuna hadi Jumapili,
akaja, akasimama mbele yake,
akaona kosa la ufumaji alilolificha miaka ishirini
chini ya meza.
Akacheka peke yake.

Darini sifiki bado. Sitadanganya.
Tufaha za huko naletewa kwa kapu;
nazinusa, nakisia zimetoka kona ipi,
nakosea.

Lakini jana, saa ya kuwasha taa,
nilipanda, nikavuta ukanda wa ngozi,
nikapiga hodi kwenye nyumba niliyozaliwa,
nikaingia.
Nikatoka. Nikaingia tena.
Mara ya tano, baridi imeshafika hadi kitandani,
mama akafoka kutoka jikoni:
"Wee Dochia! Ingia au toka, na mlango ufunge!"

Miaka mitatu hakuna aliyenigombeza kwa ajili ya mlango.

Nikaufunga taratibu,
nisikie komeo la mti
likianguka mahali pake.